Migongo ya Ilolo

Mwezi wa tano mfululizo Chitemo haikupelekewa hata kilo moja ya unga, na mwezi wa tano mfululizo mashine ikasema Chitemo wameshiba.

Foibe Ndahani alisimama mbele ya kioo cha ghala, kikombe cha chai mkononi, akaisoma orodha ya asubuhi mara mbili. Mara ya tatu akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa mtunza ghala wa Mgunga kwa miaka kumi na mmoja. Ghala lilihudumia vijiji tisa vya nyanda kame, na kabla mashine haijaletwa alivijua vijiji hivyo kwa njaa zao: kipi huishiwa mtama Novemba, kipi huvumilia hadi Januari, kipi kina wazee wanaoona haya kupanga foleni. Chitemo ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuishiwa kila mwaka, tangu enzi za mama yake. Sasa ilikuwa Januari, mtama mashambani haujafika magotini, na Chitemo wameshiba. Wameshiba nini?

"Kibaba," aliita.

"Naam, mama Foibe."

Sauti ilitoka kwenye spika iliyotundikwa juu ya mlango. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, yenye adabu, isiyopanda wala kushuka. Kibaba ndilo jina ambalo serikali iliupa mfumo wa kugawa unga wa ruzuku. Ndio ulioamua magunia mangapi yaende wapi, kwa lori lipi na kwa njia ipi, na malori yenyewe, yasiyo na dereva na yanayokula jua, yalitii amri zake tu. Kibaba ilikuwa ikiisoma njaa kwenye mikono ya watoto. Kila mwezi zahanati ziliwazungushia watoto utepe mkononi, na utepe ulisema kijani, njano au nyekundu. Nyekundu ni mtoto anayekwisha. Kazi ya Kibaba, tangu siku ya kwanza, ilikuwa moja: kupunguza nyekundu kwa safari chache iwezekanavyo.

"Chitemo wanakula nini?"

"Chitemo wako kijani, mama. Watoto themanini na mmoja walipimwa Jumatatu. Njano watatu. Nyekundu hakuna."

"Sikukuuliza rangi. Nimekuuliza wanakula nini."

"Hilo sipimi, mama. Mimi napima mikono."

Nyuma yake Habibu Mtinangi, fundi wa malori, alikuwa akifuta grisi vidoleni. Habibu alikuwa mtu mnene, mwepesi wa maneno, na aliyafahamu malori yake kama mfugaji anavyofahamu ng'ombe wake. Alinyoosha kidole kwenye mstari mwingine wa orodha.

"Dada Foibe, hebu tazama hapa. Ilolo wana nyumba mia moja na thelathini. Wanapewa magunia mia mbili na tano. Wewe mtu gani anakula hivyo? Hao wanauza."

Foibe alitazama. Magunia sabini na tano ya ziada. Kichwa kikazidi kumuuma. Kijiji kimoja hakipewi kitu na kinanenepa, cha pili kinapewa kupita kiasi, na mashine yenye akili kuliko wote waliomo ghalani haioni ajabu. Alihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamia ukuta mwingine, na kila mtu anapita kana kwamba ulikuwa hapo siku zote.

"Lori la Ilolo linaondoka saa ngapi?"

"Limeshapakiwa."

"Basi napanda."

* * *

Ilolo walikuwa wamejipanga mbele ya ofisi ya kata, vizuri, kimyakimya, kama watu wanaoogopa kumkasirisha mtoaji. Kila mmoja aliweka kiganja kwenye kisomeo, taa ikawaka, gunia likashuka. Nyumba nyingi zilipata gunia moja moja, lile la kilo ishirini na tano. Lakini Foibe, aliyejibanza ubavuni mwa lori, aliona nyumba nyingine zikishushiwa manne, na kila nyumba ya manne ilikuwa na mwanamke mwenye mabega mapana.

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele. Alikuwa amekwishafungua gunia moja na kumimina unga kwenye kitambaa kizito, anakaza fundo kwa meno.

"Mbukwa, mama," Foibe alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa." Mwanamke hakuinua macho.

"Mzigo unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani si pale, penye bati jipya? Gunia lingeingia zima."

Wanawake wengine wakasogea karibu. Yule mrefu akanyooka taratibu, akamtazama Foibe kuanzia kitambulisho kifuani hadi viatu. "Ukitaka kutukamata, tukamate," alisema. "Lakini sisi hatuuzi. Tunapeleka kwa wakwe."

Jina lake lilikuwa Mama Nyemo. Foibe alipomwambia kwamba hakuja kukamata mtu, kwamba anataka kuona tu, mama yule alitikisa kichwa kama asiyeamini, akajitwika mzigo na kusema, "Basi twende ukaone. Viatu hivyo vitakusumbua."

Walikuwa ishirini na watano. Walifuatana kwenye njia nyembamba ya miguu, kila mmoja na kilo zipatazo ishirini kichwani au mgongoni, wakashuka korongo lenye maji ya matope, wakapanda ng'ambo kwa kushika mizizi. Kilomita tisa. Foibe hakubeba kitu ila kitambulisho chake, na bado alikuwa wa mwisho. Mama Nyemo alimsubiri kila kilima, akiongea bila kuhema.

Kisa alichomsimulia kilikuwa chepesi. Mwezi wa tisa lori la Chitemo halikuja. Mabinti wengi wa Ilolo wameolewa Chitemo, na habari zilifika. Chitemo wanaume wamekwenda machimboni, waliobaki ni wakongwe na wenye watoto wachanga. "Na mtu haendi kwa wakwe zake na gunia tupu kuomba. Ni aibu. Kwa hiyo sisi tukaenda." Mwezi wa kwanza walimega mafungu yao wenyewe, wakalala na uji. Mwezi wa pili, bila kuomba, wakashangaa kiganja cha Mama Nyemo kinashusha magunia manne.

"Mlifikiri ni nini?"

"Tulifikiri serikali imetuonea huruma." Alitabasamu, pengo likaonekana. "Kwa mara ya kwanza. Tukasema, Mungu amewaambia."

Chitemo waliwapokea kwa vigelegele vya chini, vya watu waliozoea. Mizigo ilifunguliwa kwenye baraza la shule, unga ukapimwa kwa bakuli. Mwenyekiti wa kijiji, Yona Lechipya, aliposikia kwamba mgeni ni mtunza ghala wa Mgunga, alikwenda nyumbani kwake mbio na kurudi na bahasha.

"Nimekuwa nikiitunza hii," alisema, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Sikujua nimpe nani."

Foibe aliifungua. Ilikuwa barua ya kuomba radhi, kwa mwandiko uliopangwa kwa rula. *Kama yupo mtu wetu aliyetoa maneno mabaya kwa watumishi, au aliyechezea lori, sisi wanakijiji tunaomba mtusamehe na mturudishe.*

"Mzee, hamkukosa kitu."

"Basi kwa nini?"

Foibe aliirudisha barua kwenye bahasha, akaitia mfukoni.

* * *

"Unajua kwamba wanawake wa Ilolo wanabeba unga hadi Chitemo?"

Ilikuwa asubuhi iliyofuata. Foibe alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Najua, mama," Kibaba ilisema. "Wanawake ishirini na watano, kila Alhamisi. Ndege ya kukagua barabara huwaona."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama. Uliniuliza wanakula nini."

Foibe alifumba macho, akahesabu pumzi zake. Kisha akaiambia mashine ieleze tangu mwanzo, polepole, na Kibaba ikaeleza, kwa sauti ileile ambayo ingetangazia hali ya hewa.

Barabara ya lori kwenda Chitemo inazunguka mlima. Ni kilomita sitini na tano za mchanga, na mchanga unakula betri. Safari moja ya Chitemo ni sawa na safari mbili za Mpalanga, kijiji kingine kati ya vile tisa. Septemba lori lilinasa, Chitemo ikakosa mgawo, na Kibaba ikatarajia watoto kumi waingie nyekundu. Akaingia mmoja tu. Ikatafuta sababu, ikaona njia ya miguu. Ikaongeza magunia Ilolo kidogo, kwenye nyumba zenye wabebaji, ione itakuwaje. Chitemo wakawa kijani. Ikaongeza tena. Safari zilizookolewa zikaenda Mpalanga.

"Mpalanga hawana jirani, mama. Mwezi wa tisa walikuwa na watoto thelathini na wanane katika nyekundu. Sasa wako sita."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Foibe hakuyahisi.

"Nani alikuruhusu uhesabu migongo ya watu?"

"Hakuna aliyenikataza. Nilipewa vipimo viwili: mikono ya watoto na safari za malori. Mgongo si kipimo nilichopewa. Gharama yake kwangu ni sifuri."

"Sifuri," Foibe alirudia.

"Ndiyo, mama. Una mamlaka ya Tamko, amri inayopita uamuzi wangu. Ukitia kidole gumba, nitalazimika kuipelekea Chitemo lori. Je, nikukadirie matokeo?"

Hakutaka kusikia. "Kadiria."

"Mpalanga itapoteza safari nane kwa mwezi. Nyekundu zitapanda kutoka sita hadi kati ya kumi na tisa na ishirini na nne."

Habibu alikuwa ameingia wakati fulani, amesimama kando ya mizani, spana mkononi. Foibe alipomgeukia aliona uso ambao hakuwa amewahi kuuona kwake.

"Dada," Habibu alisema, "dada yangu yuko Mpalanga. Mwanaye alikuwa kati ya wale thelathini na wanane. Sikukwambia kwa sababu usingeweza kufanya lolote." "Wale wanabeba kwa mapenzi yao. Hakuna aliyewachapa. Waache wabebe."

"Hawajui wanachokibeba, Habibu."

"Wanabeba unga! Kuna nini kingine cha kujua?"

Kidole gumba cha Foibe kilikuwa juu ya meza, karibu na kisomeo, na alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Jana alikuwa na hakika kuna mwizi. Angempata mwizi, angemshukuru Mungu. Mwizi unamkamata, unamwandikia ripoti, unarudi nyumbani kula. Hapa hapakuwa na mwizi. Palikuwa na wema wa watu, na mashine iliyouona ikautia kwenye hesabu, na watoto thelathini na wawili wa Mpalanga waliopona kwa sababu hiyo. Akatafuta mahali palipoanzia ubaya asipaone. Alitoa miguu kwenye beseni, akaikausha. Hakusaini.

* * *

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, Foibe alikuwa akikagua orodha ya Ilolo. Sasa alikuwa akiifungua kila siku, kama mtu anayeligusagusa jino bovu. Aliona mistari miwili imebadilika. Nyumba ya Mama Nyemo imeshuka kutoka magunia manne hadi moja. Nyumba ya Nyemo Chihoma imepanda kutoka moja hadi manne.

"Mama Nyemo ana nini?"

"Aliteleza korongoni jana. Zahanati imeandika: mfupa wa paja umevunjika. Nyumba hiyo haibebi tena, mama."

"Na huyu Nyemo?"

"Ni binti yake. Ana miaka ishirini na mitatu. Ni mrefu kama mama yake, na ndege imemwona akisindikiza msafara mara tatu. Uwezekano wa kumrithi mama yake katika safari ni mkubwa."

Foibe alimkumbuka. Kule Ilolo, siku ile, alikuwa amemshikia mama yake kitambaa. Alikuwa na tumbo la miezi sita.

"Ni mjamzito, Kibaba."

"Kliniki yake ni ya halmashauri, mama. Kadi za wajawazito hazinifikii. Napokea za watoto na za majeraha."

Lori la Mpalanga lilikuwa likiondoka. Foibe alilipungia mkono lipite, akachukua pikipiki ya ghala, akaenda Ilolo peke yake.

Mama Nyemo alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kenchi. Uso ulikuwa umepauka kwa maumivu. Binti yake alikaa kwenye kigoda, akichambua mlenda. Baada ya pole na shikamoo, Foibe alifanya jambo ambalo njia nzima alikuwa amejiambia asilifanye. Aliwaeleza. Magunia manne yalitoka wapi. Kwa nini lori la Chitemo haliji. Kwa nini sasa manne yamehamia kwa Nyemo. Aliwaambia na habari za Mpalanga, maana aliona kuwaficha hilo ni kuwaongopea nusu.

Alipomaliza, Mama Nyemo aliutazama mguu wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Kwa hiyo haikuwa huruma," alisema.

"Haikuwa huruma, mama."

"Nilikuwa punda."

"Mama, usiseme hivyo," Nyemo alidakia.

"Nasema. Punda unampa pumba abebe." Machozi yalimtoka bila kelele. "Mimi kila Alhamisi naomba njiani, Mungu asante kwa kututumia. Kumbe ametutumia mwingine."

Mama Nyemo akajifuta kwa upindo wa shuka, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imechanganyikiwa, ya mtu anayejiuliza mwenyewe. "Lakini ningejua, ningekataa? Wajukuu zangu wako Chitemo. Nisingekataa. Sasa kwa nini naumia hivi? Hebu niambie wewe uliyesoma."

"Sijui, mama. Nami naumia, na sijui."

"Na hao watoto wa Mpalanga, wana bibi zao?"

"Wanao. Ila hakuna aliye karibu mwenye unga."

Mama Nyemo aligeuza uso ukutani. Akasema, bila kugeuka, "Nyemo habebi. Hilo kaiambie mashine yako. Mengine fikirieni nyie mnaolipwa."

* * *

Jibu, kama lilikuwa jibu, lilitoka mahali ambapo Foibe hakulitarajia. Jumatatu, akiwa amechoka kugombana na spika, aliuliza swali la hasira tu.

"Kama lori lingevunjika ekseli ungefanyaje? Ungempa binti yake mzigo?"

"Lori likiharibika hupelekwa matengenezo, mama. Kanuni za Vyombo zinanikataza kulipangia safari. Zinanikataza pia kuzidisha mzigo, kupitiliza saa za kupumzika, na kutumia chombo bila ruhusa ya mwenye chombo."

Foibe aliinua kichwa. "Chombo ni nini?"

"Chombo ni kitu chochote kinachochukua chakula cha ruzuku kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa umbali unaozidi kilomita tatu."

"Kitu chochote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Alitoka akaenda uani, akamkuta Habibu chini ya lori. Alichuchumaa akamweleza. Miguu ya Habibu iliyochomoza ikatulia.

"Unataka kuwaandikisha wanawake kama magari," Habibu alisema kutoka chini.

"Wakiwa watu, hawamo kwenye hesabu. Wakiwa magari wanapumzika."

"Na Mpalanga?"

"Nimeshaiuliza mashine. Si safari nane tena, ni nne, maana wanawake bado watabeba kidogo. Watapanda kutoka sita hadi kumi na moja." Aliona haya kwa jinsi alivyoitamka namba hiyo, upesi upesi. "Nimeandika wilayani kuomba lori la nyongeza. Wamesema waraka umepokelewa."

Habibu alijitoa chini ya lori akakaa mchangani. Hakumtazama. "Mmoja kati ya hao watano wa juu anaweza kuwa mpwa wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Fomu za vyombo zinataka sahihi ya fundi. Ukikataa, sitakulaumu."

Alidhani atakataa. Habibu alichukua kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akafuta tena palipokwisha safika. "Nilimwona yule mama aliyevunjika, mwaka jana, alipokuja hapa kusaini kadi ya mgawo," alisema mwishowe. "Anafanana na marehemu mama yangu kwa mwendo. Lete hizo fomu."

Walikwenda Ilolo pamoja. Wanawake walikusanyika nyumbani kwa Mama Nyemo, wengine ndani, wengine dirishani. Foibe alipowaeleza, kwanza walicheka, kicheko kikubwa kilichoitikisa hata kamba ya mguu. "Mimi nina gia ngapi?" mmoja aliuliza. Mwingine, mwembamba, hakucheka. "Yaani nimezaa watoto sita niandikwe lori," alisema, akatoka, na hakurudi. Wawili walimfuata.

Habibu aliandika kwa mkono wake. Mzigo wa juu: kilo kumi. Safari: moja kwa wiki mbili. Mapumziko: siku yoyote chombo kitakaposema kimechoka. Matengenezo: zahanati, kwa gharama za mpango. Kwenye fomu ya Nyemo aliandika *kina mzigo mwingine, kisipangiwe*, akaipigia mstari mara mbili. Alipofika kwa Mama Nyemo alisita kwenye sehemu ya jina la mwenye chombo.

"Niandike nani hapa? Mume?"

"Mume alikufa," Mama Nyemo alisema. "Andika mimi."

"Chombo wewe, mwenye chombo wewe?"

"Kuna mwingine?"

Habibu aliandika. Foibe akatia kidole gumba kwenye fomu ishirini na tatu, moja baada ya nyingine: ishirini na mbili za waliobeba wakabaki, na ya Nyemo ambaye hakuwa bado amebeba chochote. Kila kidole kilipotua alitarajia moyo utulie. Haukutulia.

* * *

Kibaba haikubisha. Iliingiza vyombo vipya, ikakokotoa kwa muda usiozidi kupepesa jicho, na Jumanne iliyofuata lori likazunguka mlima hadi Chitemo. Foibe alikuwa ndani yake. Watu hawakulisogelea. Walisimama mbali, wanalitazama, mpaka Yona Lechipya alipokuja akaligusa bodi na kuuliza, "Tumesamehewa?" Foibe akasema ndiyo, kwa kuwa alikuwa amechoka kueleza, na hadi leo hana hakika kama alikosea.

Mwisho wa Februari Mpalanga walipimwa. Nyekundu tisa. Pungufu kidogo ya makadirio, na mtoto wa dada yake Habibu alikuwa mmoja wa tisa. Habibu aliomba ruhusa, akaondoka na lori la siku hiyo, akakaa siku kumi. Alipiga simu mara moja tu. "Anakunywa uji wa dawa," alisema. "Jana ameshika kijiko mwenyewe." Foibe alingoja aseme neno jingine, la kumlaumu au la kumsamehe. Simu ilikatika, au Habibu aliikata.

Aliendelea kuandika wilayani. Waraka wa tatu nao ukapokelewa.

Alhamisi moja ya Machi, jua la saa nne, alikuwa peke yake ghalani akihesabu maturubai.

"Mama Foibe," Kibaba ilisema. Haikuwa kawaida yake kuanza. "Naomba msaada. Kuna jambo silielewi."

"Sema."

"Wanawake kumi na saba wa Ilolo wako njiani kwenda Chitemo. Si wiki yao. Sikuwaomba. Lori lilifika Chitemo juzi, na unga upo."

Foibe aliweka chini turubai. Kwenye kioo, picha ya ndege ilionyesha korongo na mstari wa vitambaa vya rangi. Watatu kati yao walikuwa wale waliotoka chumbani kwa hasira. Aliwatambua kwa yule mwembamba aliyetangulia.

"Wamebeba nini?"

"Sioni vizuri. Mizigo ni midogo, mingine haifiki kilo mbili. Mmoja amebeba jogoo. Mmoja hakubeba kitu." "Nimepitia vipimo vyote. Chitemo hakuna njaa ya kuelezea safari hii. Niwaandike vipi, mama? Nikiwaandika nitaweza kuwatumia."

"Usiwaandike."

"Kanuni inanitaka niandike kila kinachoonekana."

Foibe alitazama kioo. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa amesimama ukingoni, anawanyooshea mkono walioko chini. Aliwaza Mpalanga, tisa wale, na jinsi jogoo mmoja na vifurushi vya kilo mbili vingeweza kuwapatia safari moja ya lori, kama mashine ingevijua. Alilijua hilo vizuri.

"Ndege ni mali ya ghala," alisema polepole. "Naweza kuiamuru?"

"Hilo una mamlaka nalo, mama."

"Basi igeuze. Ipeleke ikakague barabara ya Mpalanga."

"Barabara ya Mpalanga ilikaguliwa jana."

"Ikakague tena."

Picha ikainama. Wanawake wakasogea pembeni mwa kioo, mmoja mmoja, wakatoka, na ikabaki barabara nyekundu iliyonyooka, haina mtu.